Uwanja wa Holman, Vero Beach: ubaguzi ulikoma bwaloni miaka 14 kabla ya kukoma majukwaani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilianza kufuatilia besiboli baada ya kusikia vijana wa Uganda wamesajiliwa na Dodgers. Sasa kuna jambo linanichanganya. Timu ni ya Los Angeles, lakini naambiwa kwa miaka mingi ilikuwa inapiga kambi Florida, upande wa pili kabisa wa nchi, kwenye uwanja mdogo uitwao Holman. Wengine wanausifu kuwa hapo ndipo wachezaji weusi na weupe walipoanza kuishi pamoja Kusini mwa Marekani. Wengine wanasema weusi walitengewa viti humo humo. Lipi ni kweli? Na kama palikuwa pa maana hivyo, mbona waliondoka? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Marahaba. Yote mawili uliyosikia ni kweli, na yalikuwa yanatendeka kwa wakati mmoja, pengine hatua mia mbili tatu kati ya jambo moja na lingine. Kinachowachanganya watu ni kwamba husimulia habari za kambi na za uwanja kana kwamba ni kitu kimoja. Kambi iliitwa Dodgertown na ilifunguliwa mwaka 1948. Uwanja wa Holman ulijengwa ndani ya kambi hiyo miaka mitano baadaye. Ukivitenganisha, swali lako linajijibu nusu.

Nianze na desturi yenyewe, kwa faida ya wasiofuatilia mchezo huu. Msimu wa besiboli ya Marekani huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati miji ya kaskazini bado ina baridi kali. Kwa hiyo kuanzia Februari timu huhamia kwenye joto kwa wiki sita hivi, zikifanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki. Ni kama Simba walivyokwenda kupiga kambi Ismailia kule Misri, ila hawa hurudi mahali pale pale kila mwaka, na mji unaowapokea huwajengea uwanja. Leo timu 30 za ligi kuu zimegawanyika sawa: 15 Florida, 15 Arizona.

Dodgers wa zamani walikuwa timu ya Brooklyn, New York. Rais wa klabu, Branch Rickey, alimsajili Jackie Robinson mwaka 1945 ili kuvunja mwiko wa ligi kuu wa kutochezesha weusi. Akampeleka kwanza timu yake ya daraja la chini, Montreal Royals. Masika ya 1946 Royals walikwenda Florida, na hapo ndipo Rickey alipoonja jimbo lile lilikuwaje. Katika mji wa Sanford, Robinson na mrushaji mweusi mwenzake, John Wright, walikaa siku chache tu kabla ya kuondolewa kwa vitisho na kurudishwa Daytona Beach. Jacksonville mji ulifunga uwanja kwa kufuli timu isiingie. DeLand ndiko kulikokuwa na kichekesho: mechi ilifutwa kwa kisingizio kwamba taa za uwanja ni mbovu, na mechi yenyewe ilikuwa ya mchana. Ni Daytona Beach peke yake iliyowapa nafasi, na Machi 17, 1946 Robinson alicheza pale dhidi ya Dodgers wenyewe.

Mwaka uliofuata Rickey aliikimbia Florida akaenda Havana, Cuba. Mwaka 1948 akaenda Jamhuri ya Dominika. Safari hizo zilikuwa na gharama, na hazikumaliza tatizo. Kule Havana wachezaji wa Dodgers walilala Hotel Nacional, hoteli ya kifahari kuliko zote, huku Robinson na wenzake weusi wakiwekwa kwenye hoteli ya hovyo mjini, kwa uamuzi wa Rickey mwenyewe aliyeogopa zogo. Robinson hakufurahi, na alikuwa na haki. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaomfanya Rickey mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye dhamira, na siku nyingine biashara ilitangulia.

Alichokuwa anakitafuta ni mahali pa peke yake: pa kulala, pa kula na pa kuchezea, vyote ndani ya uzio mmoja, asilazimike kuomba hoteli wala mgahawa wa mtu. Na alikuwa na sababu nyingine isiyohusu rangi hata kidogo. Klabu yake ilimiliki au kuhudumia timu 26 za madaraja ya chini, na wachezaji zaidi ya 600. Hao wote alitaka kuwaona kwa macho yake, wafundishwe kwa namna moja. Ni mji gani mdogo ungeweza kulaza watu 600?

Jibu lilitoka Vero Beach, mji wa machungwa kwenye pwani ya Atlantiki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la majini lilijenga hapo kituo cha kufundishia marubani. Vita vilipokwisha, mji ukarudishiwa kiwanja cha ndege pamoja na mabweni matupu ya mbao ambayo haukujua la kuyafanyia. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja, Bud Holman, muuza magari ya Cadillac aliyekuwa pia na mkono katika shirika la ndege la Eastern. Holman aliwafuata Dodgers, akazungumza na Buzzie Bavasi, kijana ambaye Rickey alimtuma kukagua miji, na wakakubaliana. Klabu ilikodi mahali pale kwa bei ya kutupa.

Mabweni hayo hayakuwa ya starehe. Kuta zilikuwa nyembamba, usiku baridi ilipenya, na mvua ikinyesha paa lilivuja. Wachezaji walilala kwa wingi katika chumba kimoja na kupanga foleni ya chakula bwaloni na sinia mkononi, kama walivyofanya wanajeshi kabla yao. Lakini foleni ilikuwa moja. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Alabama, mweupe, alisimama nyuma ya mweusi wa New Jersey, akapakuliwa kijiko kile kile, akakaa meza ile ile. Kwa Florida ya 1948 hilo lilikuwa kinyume cha kila desturi, na nje ya geti lilikuwa kinyume cha sheria. Sifa unazozisikia zinatokana na foleni hiyo, na ni sifa za haki. Machi 31, 1948, walipotoka Jamhuri ya Dominika, Robinson alicheza pale kwa mara ya kwanza, Dodgers dhidi ya Royals, akapiga homu rani, yaani ule mpira unaoruka mpaka nje ya mipaka ya uwanja na kumpa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote bila wasiwasi.

Hapa niruhusu nikae kidogo kwenye ufundi, kwa sababu Dodgertown ilikuwa shule kabla ya kuwa kivutio. Rickey alileta mashine za kurusha mipira na mashimo ya mchanga ya kujifunzia kuteleza hadi kwenye kituo. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni zile kamba. Nguzo mbili zilisimikwa kushoto na kulia kwa bamba ambalo mpigaji husimama kando yake. Kati ya nguzo zikafungwa kamba za kulala na za kusimama, zikatengeneza fremu tupu hewani: upana wake sentimita 43, sawa na bamba lenyewe, na urefu wake kuanzia magotini hadi juu kifuani kwa mpigaji. Hilo ndilo dirisha ambalo mpira ukipita ndani yake mwamuzi huuhesabu kuwa halali. Mrushaji kijana alisimama mita 18 na ushei, akaambiwa apitishe mpira kwenye kona ya chini kushoto, kisha kona ya juu kulia, asubuhi nzima. Kamba ikitikisika, kila mtu anaona amekosea kwa kiasi gani. Haikuhitaji umeme wala kocha wa kupiga kelele. Makocha wa Uganda na wa kwetu wanaohangaika bila vifaa wangeweza kuitengeneza leo mchana kwa miti miwili na kamba ya katani.

Sasa tuje kwenye uwanja uliouulizia.

Rickey aliondoka mwaka 1950 na klabu ikashikwa na Walter O'Malley, mwanasheria mwenye jicho la hesabu. Kambi ilikuwa na viwanja vya mazoezi, lakini hapakuwa na uwanja wa maana wa kuwakalisha watazamaji wanaolipa. O'Malley akamwita mhandisi Emil Praeger, ambaye baadaye ndiye aliyesanifu Dodger Stadium ya Los Angeles. Praeger hakujenga jukwaa la vyuma. Alichimba udongo pale pale kambini, shimo likawa ziwa, na udongo ukarundikwa kuwa tuta la nusu duara. Juu ya mteremko wa tuta wakamwaga ngazi za zege na kupanga viti. Gharama ilitajwa kuwa dola 100,000 hivi. Machi 11, 1953 ukafunguliwa kwa mechi dhidi ya Philadelphia Athletics, ukapewa jina la Bud Holman, yule muuza magari.

Ungekaa pale usingeusahau. Hakukuwa na paa. Nyuma ya wachezaji wa nje, mahali ambapo viwanja vingine huweka ukuta, miaka ya mwanzo palikuwa na mteremko wa nyasi tu na mitende. Ajabu zaidi ni mabenchi ya wachezaji. Kwa kawaida timu ya besiboli hukaa kwenye kibanda kilichozama chini ya usawa wa uwanja, chenye paa na kivuli. Holman walikaa juani, benchi wazi, shabiki wa mstari wa mbele akiwa karibu kiasi cha kusikia wanachonong'ona. Mtoto alimwita Duke Snider, nyota wa timu, kwa jina na Snider akageuka. Uwanja ulikuwa na viti visivyozidi 6,500 hata ulipoongezwa, na ukaribu huo ndio uliowafanya wazee wa Brooklyn wasafiri siku mbili kwa gari kuja kuuona.

Na humo, juu ya tuta hilo zuri, weusi walikuwa na sehemu yao ya pembeni. Walikuwa na vyoo vyao na bomba lao la maji la kunywa.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Bwaloni Dodgers walikuwa wenyeji na wageni kwa pamoja, hakuna mtu wa mjini aliyeingia, na kwa hiyo hakuna aliyelazimisha sheria. Uwanjani waliingia wananchi wa Vero Beach waliokata tiketi, na pamoja nao zikaingia sheria na desturi za Florida. Weupe wa mjini walitaka kukaa kama walivyokaa sinema na kanisani. Weusi wengi walitoka Gifford, kitongoji kilichopo kaskazini ya mji, ambako ndiko wachezaji weusi nao walikokwenda kunyoa nywele na kutembea jioni, kwa kuwa vinyozi na migahawa ya Vero Beach haikuwapokea. Hivyo mwaka 1955, Dodgers wa Robinson na weusi wenzake Campanella na Newcombe walipokuwa njiani kuwa mabingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, watu wa Gifford waliwatazama kutoka kwenye kona.

Watetezi wa klabu husema O'Malley hakuwa na la kufanya, sheria ilikuwa sheria. Sikubaliani nao kabisa. Timu iliuletea mji fedha na jina kila Machi, na mji ulijua hivyo. Klabu yenye nguvu ya namna hiyo ingeweza kuuliza swali mapema zaidi, na hata kama ingekataliwa, tungekuwa na kumbukumbu ya kwamba iliuliza.

Waliouliza walikuwa wachezaji. Mwaka 1962 klabu ilikwisha hamia Los Angeles, na ilikuwa na kizazi kipya cha weusi wasiopenda kunyamaza: Maury Wills, Tommy Davis, John Roseboro, Willie Davis, pamoja na Jim Gilliam aliyekuwepo tangu enzi za Brooklyn. Walimwendea Peter O'Malley, mtoto wa mwenye timu, aliyekuwa na miaka 24 na ndiyo kwanza amekabidhiwa kuendesha kambi. Wakamwambia hali ile ya viti, vyoo na maji haivumiliki. Vibao vya kutenganisha weusi na weupe vikaondolewa.

Lakini kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Kwa simulizi ya Tommy Davis, vibao vilikwisha toka na watu wa Gifford wakaja wakakaa pale pale, kwenye kona yao. Miaka yote ya maisha yao walikuwa wamefundishwa gharama ya kukaa mahali pengine. Ikabidi wachezaji wenyewe, wakiwa na jezi zao, wawafuate na kuwaambia kwamba siku hizi mnaweza kukaa popote, hameni. Sheria ya haki za raia ya nchi nzima ilikuja miaka miwili baadaye, 1964.

Kwa hiyo mtu akikwambia Dodgertown ilivunja ubaguzi mwaka 1948, mjibu ndiyo, kwa wachezaji. Kwa watazamaji ni 1962. Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka mara moja: wachezaji weusi walikuwa hawaruhusiwi kwenye viwanja vya gofu vya karibu, na Walter O'Malley akajenga chake kambini mwaka 1965.

Umeuliza pia kwa nini timu ya Los Angeles iliendelea kwenda Florida. Dodgers walihama Brooklyn baada ya msimu wa 1957. Akili ya kawaida ingesema wahamie Arizona, jirani. Walikaa Vero Beach nusu karne nyingine, kwa sababu walikuwa wamewekeza pale na mwaka 1965 walinunua ardhi yenyewe. Mji uliokuwa umewapangisha ukawa jirani tu. Tena umbali haukuwatisha: tangu miaka ya 1950 walikuwa na ndege yao wenyewe, timu ya kwanza ya besiboli kufanya hivyo, na mtoto wa Bud Holman alikuwa rubani wao. Kiwanja cha ndege kilikuwa nyuma ya kambi. Mabweni ya mbao yalibomolewa, na mwaka 1972 zikafunguliwa nyumba 90 za kisasa. Njia za ndani zikapewa majina ya magwiji: Jackie Robinson, Roy Campanella, Sandy Koufax. Taa za barabarani zilitengenezwa kwa umbo la mpira wa besiboli, na wageni walipita katikati ya michungwa kuelekea uwanjani. Timu ya Yomiuri Giants ya Japani ilikuja kufanya mazoezi hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na ikarudi mara kadhaa. Wajapani walijifunza mengi pale.

Kuhusu kuondoka: fuata fedha. Mwaka 1998 familia ya O'Malley iliuza timu kwa kampuni ya Fox. Mwaka 2001 kaunti ya Indian River ikainunua Dodgertown na kuwapangisha Dodgers, kwa kuamini imewafunga wasiondoke. Mwaka 2004 timu ikapata mwenye mpya, Frank McCourt. Wakati huo miji ya Arizona ilikuwa inashindana kujenga viwanja kwa fedha za umma, na Glendale ikajitokeza na kambi mpya, Camelback Ranch, ambayo Dodgers wangeitumia pamoja na Chicago White Sox. Shabiki wa Los Angeles anafika huko kwa gari kwa saa tano au sita. Kwenda Vero Beach ni zaidi ya kilomita 3,500. Wazee wa Brooklyn waliokuwa wakiujaza uwanja wa Holman walikuwa wanapungua kila mwaka. Mimi siwalaumu sana. Mechi ya mwisho ilichezwa Machi 17, 2008 dhidi ya Houston Astros, Dodgers wakafungwa 12 kwa 10. Masika ya 2009 walikuwa Glendale.

Uwanja haukufa, ingawa ulikaribia. Shirika la ligi za madaraja ya chini lilijaribu kuuendesha. Kisha Peter O'Malley, yule kijana wa 1962 ambaye sasa alikuwa mzee, akarudi kuuokoa akiwa na dada yake Terry na warushaji wawili waliowahi kuichezea Dodgers, Hideo Nomo wa Japani na Chan Ho Park wa Korea Kusini. Mwaka 2019 ligi kuu yenyewe ikachukua uendeshaji na kuibadili kambi jina: sasa inaitwa kwa Jackie Robinson. Hufanyika hapo kambi za vijana, hasa wa jamii ambazo besiboli imewapoteza, na mashindano ya wasichana. Mwaka huo huo iliingizwa katika orodha ya maeneo ya kihistoria ya harakati za haki za raia, ikiwa mahali pa kwanza pa michezo kupewa nafasi hiyo. Uwanja bado unaitwa Holman.

Na vijana wako wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini na Dodgers mwaka 2022, wakati kambi ya klabu imekwisha hamia Arizona. Ukitaka kufuatilia walikopita, tafuta habari za Camelback Ranch. Ukiwa na ndugu Florida, mwambie afike Vero Beach siku yenye mashindano ya vijana, apande tuta la upande wowote, akae anapotaka.